Mwambie mwanao atoe taarifa leo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu mzee wa Morogoro ambaye barua yake mliichapisha wiki mbili zilizopita. Shikamoo yangu imfikie kwanza. Aliandika kwamba kijana wake, aliyeajiriwa Marekani na kampuni yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi ya huko, aliingia na simu ya mkononi kwenye chumba ambacho simu haziruhusiwi. Ilikaa mfukoni zamu nzima, naye akaigundua anapotoka. Hakuna aliyemwona. Kijana akampigia baba yake, na baba akamjibu anyamaze, kwa sababu kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mgeni hajitafutii kamba ya pili.

Nimeisoma barua ile mara tatu. Mzee wangu, ushauri huo umeutoa kwa mapenzi, nami nilijishauri vivyo hivyo mwaka 2018. Ulikaribia kunimaliza.

Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga. Nilifika Marekani 1999, nikapata uraia 2007, na tangu 2010 ni mtunza nyaraka katika kampuni moja hapa Maryland. Kazi hii haifanyiki bila kibali cha usalama, na kibali chenyewe, ukiacha ruhusa chache za nadra, hupewa raia tu. Unajaza fomu iitwayo SF-86, yenye kurasa zaidi ya 100. Wanataka kila nyumba uliyoishi kwa miaka 10, kila safari ya nje kwa miaka 7, kila ndugu uliye naye ng'ambo. Niliandika jina la mama yangu na la kila kaka yangu, na mitaa wanayokaa. Kisha unatia saini ahadi ya kutunza siri ambayo haina mwisho hata ukistaafu. Nyaraka zenyewe zina ngazi tatu, na ngazi hupimwa kwa madhara ambayo taifa lingeyapata siri ikitoka: madhara, madhara makubwa, madhara makubwa kupita kiasi. Kibali changu ni cha ngazi ya katikati.

Ijumaa moja ya Novemba 2018 nilitoka kazini na jalada la mafunzo. Lilikuwa jalada la kawaida, nina ruhusa ya kutoka nalo, nami nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa ndani. Nyumbani nikaliweka juu ya meza ya jikoni nikaanza kukanda unga wa mandazi ya Jumamosi. Saa moja na nusu jioni nikalifungua kutafuta ukurasa fulani, vidole vikiwa bado na tui la nazi. Kibanio cha mwisho kilikuwa kimenasa karatasi moja isiyokuwa ya jalada lile. Juu na chini ilikuwa na muhuri mwekundu: SIRI.

Magoti yaliniisha nguvu. Nikaishika karatasi kwa pembe, na pembe ile ikapata doa la tui.

Mume wangu aliusoma uso wangu kabla sijasema neno. Sikumwonyesha karatasi. Nilimwambia tu kwamba kuna kitu cha kazini kimefika nyumbani na hakikupaswa kufika. Akasema, tukichome sasa hivi, watoto wamelala. Nilikataa kuchoma, lakini sikushika simu. Nilizikunja khanga mbili, nikaiweka karatasi katikati, nikaifungia sandukuni. Nia yangu ilikuwa niwahi Jumatatu, niirudishe mahali pake kabla ya mtu yeyote kufika.

Nia hiyo niliitoa mbali. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali Tanga, miaka ya sabini na themanini. Faili likipotea, makarani walikesha wakilitafuta kimya kimya na kulirudisha kabatini kabla bosi hajaingia. Hakuna jina lililoandikwa popote. Walikuwa wakistiriana, na mimi nililelewa nikiliheshimu neno hilo. Mtumishi mwema kwangu alikuwa yule anayekirejesha kitu mahali pake bila kelele. Ndiyo maana namwelewa mzee wa Morogoro hadi kwenye mfupa. Kwetu, kumwambia mtu anyamaze ni kumfunika nguo.

Jumamosi mandazi nilikaanga, na watoto wakala. Nilikuwa nikihesabu vitu vitakavyoondoka: kazi, nyumba ya mkopo, ada ya binti yangu wa kwanza. Nilihofia hata kuvuliwa uraia, jambo ambalo leo najua halifanyiki kwa kosa la bahati mbaya. Zaidi ya yote niliiogopa ile fomu. Jina la mama yangu liko mle, niliwaza, na mtaa wake uko mle. Watasema huyu Mwafrika alikuwa akipeleka karatasi nyumbani kwa sababu.

Kilichonitoa sandukuni ni fomu nyingine. Kila jioni chumba chetu kikifungwa, mtu wa mwisho hujaza orodha ya ukaguzi, SF-701: kabati zimefungwa, meza ziko tupu, hakuna kilichosahaulika kwenye mashine ya kunakili. Anatia saini na kuandika saa. Ijumaa ile aliyetia saini hakuwa mimi. Alikuwa mwenzangu mmoja aliyetoka likizo ya uzazi siku chache tu zilizopita. Usiku wa kuamkia Jumapili, yapata saa tisa, nikaiona saini yake kama vile iko ukutani mbele yangu. Jumatatu yeye ndiye angefungua kabati. Kama angenitangulia kwa dakika 10 tu na kukuta karatasi haipo, wa kwanza kuulizwa angekuwa yeye. Nguo niliyokuwa nikijifunika ilikuwa yake.

Jumapili saa tatu asubuhi nikampigia afisa usalama wa kampuni. Sauti yake haikupanda. Alinikataza kusema chochote kuhusu kilichoandikwa, akanikataza kupiga picha, kunakili, kuchana au kuipeleka mwenyewe kwa gari. Kaa nayo, anakuja. Alifika baada ya dakika 40 na bahasha mbili. Akaitia karatasi katika moja, akaifunga, akaitia hiyo ndani ya nyingine, akanipa stakabadhi.

Ila kwenye simu aliniuliza niliigundua lini, nami nikajibu: asubuhi hii.

Maneno mawili. Sikuyapanga, yalitoka yenyewe kama mtu anavyoinua mkono kujikinga kofi. Aliniachia fomu ya maelezo, niijaze niende nayo Jumatatu. Usiku huo nilikaa mezani na kalamu. Sehemu ya kwanza iliuliza tarehe na saa ya kugundua. Nikaandika Ijumaa, saa moja na nusu jioni. Chini yake nikaandika kwamba Jumapili nilimwambia afisa jambo lisilo kweli, kwa hofu, na kwamba hii ndiyo saa sahihi. Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake, kabla hajaniuliza swali lingine.

Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi ni saa 37 na nusu. Nazijua kwa sababu kwa mwaka mmoja na zaidi uliofuata hazikuacha kutajwa.

Jumatatu ile ile nilizuiwa kugusa nyaraka za siri. Nikapewa meza upande wa nje, nikawa napanga ankara. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua yenye tuhuma, ambayo huku huitwa taarifa ya sababu. Una siku 20 kuijibu, kwa kiapo, tuhuma moja moja: nakubali au nakana. Yangu ilikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa chini ya kipengele K, utunzaji wa taarifa zilizolindwa. Ya pili chini ya kipengele E, mwenendo wa mtu, kwa yale maneno mawili. Miongozo inayotumika tangu Juni 2017 ina vipengele 13, kuanzia utii kwa nchi hadi madeni, ulevi na matumizi ya kompyuta. Kipengele B ni cha ndugu na mafungamano ya nje. Nilikitafuta kwenye barua yangu nikiwa nimesimama penye sanduku la posta. Hakikuwepo. Mama yangu hakutajwa hata mara moja. Kamba niliyoiona mguuni mwangu kwa siku mbili niliifunga mwenyewe.

Nilikubali zote mbili.

Shauri lilisikilizwa Januari 2020 na lilichukua saa mbili hivi. Palikuwa na jaji, wakili wa upande wa wizara, mwandishi wa kumbukumbu, mimi, na msimamizi wangu aliyekuja kutoa ushahidi. Sikuwa na uwezo wa kuweka wakili. Sheria inaruhusu kujisimamia. Niliulizwa kuhusu kibanio, kuhusu khanga, kuhusu doa kwenye pembe ya karatasi. Nikaeleza mandazi ya nazi yanavyokandwa, na hakuna aliyenicheka. Kisha wakili wa wizara akauliza kwa nini nilisubiri. Nilikuwa nimeandaa jibu refu la karatasi mbili. Nikasema niliogopa. Akauliza kwa nini niliibadilisha saa. Nikasema kwa sababu saa ya kwanza haikuwa kweli, na mtu mwingine angeweza kuilipia.

Hukumu ilikuja kwa maandishi, na kibali kilibaki. Karatasi yenyewe ilichukua sehemu fupi: ilitoka bila kukusudia, haikuonekana na mtu wa nje, sikuwa na kosa la awali, na tangu siku ile nilikuwa nimerudia mafunzo na kuanza kukagua majalada ukurasa kwa ukurasa kabla ya kutoka. Kurasa nyingi zilihusu zile saa. Kilichonisimamia ni kwamba niliripoti mwenyewe, na kwamba uongo niliurekebisha mwenyewe kabla ya kubanwa. Miongozo inalitaja hilo waziwazi: anayesahihisha kauli yake mapema na kwa nia njema, kabla hajakabiliwa na ukweli, amepunguza uzito wa kosa. Kipengele K nacho kinasema kosa la bahati mbaya lililoripotiwa haraka, bila dalili ya siri kuvuja wala mazoea ya kukosea, linaweza kusamehewa. Neno haraka limo mle, mzee wangu. Halikuwekwa kujaza nafasi.

Uliandika kwamba mgeni hana pa kukata rufaa. Si kweli, na kuna mtu aliyelipia kwa miaka yake ili isiwe kweli. Mwaka 1953 mhandisi wa ndege, William Greene, alivuliwa kibali kwa ushahidi wa watu ambao hakuwahi kuwaona wala kuwahoji. Kazi ikaenda, na fani yake ikafungwa mbele yake. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ikasema utaratibu ule haukuwa na idhini, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akatoa amri inayowapa watu wa kampuni za kandarasi haki ya kupewa tuhuma kwa maandishi, kujibu na kusikilizwa. Meza niliyoketi mimi ilitengenezwa na shauri la Greene. Ukishindwa pale, lipo baraza la rufaa la majaji watatu, na una siku 15 za kulitaarifu. Ukishindwa na huko, baada ya mwaka mmoja unaweza kuomba upya.

Lakini nisikudanganye upande wa pili. Mwaka 1988, katika shauri la mfanyakazi wa kambi ya nyambizi aliyeitwa Egan, mahakama hiyo hiyo ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kibali. Mashaka yakibaki, yanaangukia upande wa usalama wa taifa, hayaangukii upande wako. Wapo waliopoteza. Hukumu za mashauri haya huwekwa hadharani bila majina, nami katika miezi ile ya ankara nilizisoma usiku, zaidi ya 40, nikiwa na kamusi pembeni. Nilisoma za watu waliosahau kufunga kabati, walioingia na simu kama mwanao, waliotuma barua pepe kwenye mtandao usiotakiwa. Niliowaona wakianguka mara nyingi ni waliokuwa wamekosea mara ya tatu au ya nne, na wale ambao kosa lao liligunduliwa na mtu mwingine wakati wao wenyewe walikuwa wanalijua. Mmoja alinyamaza miaka, na alipoulizwa kwenye upekuzi wa kawaida akasema hapana. Kosa lake la mwanzo lilikuwa dogo kuliko langu.

Na kunyamaza kuna hatari nyingine ambayo nadhani huijui. Kifungu cha 793 cha sheria ya jinai ya Marekani, kile kile cha ujasusi, kina sehemu inayomgusa mtu anayejua kwamba waraka wa ulinzi umetolewa mahali pake isivyo halali akaacha kumwarifu mkuu wake mara moja. Adhabu yake inafika miaka 10. Simu mfukoni si waraka, na sisemi kijana wako yuko karibu na kifungu hicho. Nakueleza upate kuona sheria ya huku inavyouangalia ukimya. Sisi tunauita stara. Wao wanauhesabu kama tendo lingine, juu ya lile la kwanza.

Sisemi asitafute wakili. Atafute, kama anaweza. Ila kutoa taarifa hakumsubiri wakili, na wakili mwenyewe, kama hana kibali, haruhusiwi kuambiwa kilichokuwa ndani ya chumba kile. Wewe pia huruhusiwi. Alikuambia habari ya simu tu, na alifanya vyema. Ukimpigia, usimuulize kazi anayofanya mle ndani ni ipi, wala nani walikuwamo. Usimwandikie WhatsApp kuhusu hilo. Kwenye simu yenyewe asifute chochote, wala asiipeleke kwa fundi. Inawezekana wakaiomba waikague, na simu iliyofutwa usiku wa kuamkia taarifa itaonekana kama yale maneno mawili yangu.

Na wewe, Mhariri, nina ombi kwako, kwa heshima. Barua ya mzee mliichapa na jina la mji anaofanyia kazi kijana, aina ya kampuni, hata zamu yake. Baba hakujua, na si kosa lake. Ninyi mngeyaondoa. Gazeti lenu linasomwa kwenye mtandao hapa Silver Spring kabla halijafika Korogwe. Kama bado iko kwenye tovuti, tafadhali iondoeni mistari ile miwili.

Vijana wengi wa kwetu wako kwenye kazi hizi sasa. Jeshi la Marekani lilipoanzisha mwaka 2009 mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha, na mpango ule ulikuwa na njia ya haraka ya uraia. Uraia ndio unaokufikisha kwenye vibali. Wapo wauguzi wa jeshi, mafundi wa kompyuta, wafasiri, wengine makarani kama mimi. Wakikosea wanampigia nani? Wanapiga nyumbani. Kwa hiyo ushauri unaotolewa Morogoro, Mombasa au Bujumbura unafika ndani ya vyumba vile kuliko mafunzo ya kampuni. Ndiyo sababu nimeomba nafasi ndefu namna hii.

Mwenzangu yule wa saini ya Ijumaa bado tunafanya kazi pamoja. Mwanawe ameshaanza shule. Hakuwahi kuulizwa swali hata moja kuhusu karatasi ile, na hadi leo sijui kama anafahamu jinsi alivyokuwa karibu.

Mzee wangu, mpigie kijana leo, usingoje mwisho wa wiki. Aende kwa afisa usalama wake kabla ya zamu, mwenyewe, kwa miguu yake. Siku zilizopita zimeshapita, nazo azitaje zote, pamoja na kwamba alishauriwa kunyamaza akanyamaza. Na watakapompa ile fomu, kwenye nafasi ya tarehe na saa aandike saa ile ile aliyoigundua simu mfukoni.

Jina langu lihifadhiwe, tafadhali.

Mama wa watoto watatu,
Silver Spring, Maryland